Adrien Amechoka, Muulize Aristote

Lubumbashi, tarehe 9 ya mwezi wa pili 2025

Kwa Shangazi Kahambu, dada ya baba yangu, mama ya bitenge byote bya Goma,

Jambo sana, Shangazi, na Bwana asifiwe. Hapa kwetu Annexe tuko bazima. Baba iko muzima, mugongo tu njo inamusumbua, na kila mutu mwenye kupita ku mulango anapewa habari ya ule mugongo tangu mwanzo. Mama anakusalimia. Dada yangu Graciella anakusalimia pia. Alisikia sauti yako ku telefone, siku ine kisha Goma kuanguka mu mikono ya waasi. Ulisema "niko muzima," na reseau ikakatika. Dakika mbili tu, Shangazi, lakini tulicheza mu salon! Baba alisahau mugongo yake. Kisha akaikumbuka.

Sasa tunataka kujua na mingine. Unakula? Depo iko? Bitenge biko? Andika, juu tunasikia ndeke hazitui tena kule kwenu na banki zimefunga, na hapa kila mutu iko na habari yake ya Goma, hakuna mbili zenye kufanana.

Unajiuliza juu ya nini ninakuandikia ku karatasi sawa mutu wa zamani. Sina telefone. Graciella alininyang'anya. Na mashini yangu ya ordinateur alifungia mu kantini, sanduku ya chuma ya nguo, pamoja na bilamba bya ndoa yake, ufunguo anavaa ku shingo. Munganga wa hospitali alisema miezi tatu bila ekran. Karatasi aliruhusu, juu karatasi haipigi kelele mu mufuko.

Nikueleze vizuri, juu ata weye unatumika na ile kintu kila siku. Programe ya depo yako, yenye kujua kitenge gani iko ku rayon gani, chini yake kuko Kisima. Kisima ni sawa kitabu: unaandika, anashika; unauliza, anajibu. Tuliianza miye na Aristote, mutoto wa Mama Germaine wa Luano, rafiki yangu tangu masomo. Tulisema hatutaiuzisha. Kila mutu aichukue bure, aifungue, aangalie matumbo yake, na mwenye kuweza kutengeneza fasi, pahali penye kuharibika, atutumie. Sasa iko mu depo, mu pharmacie, mu paroisse, mu inchi zenye sijafika. Na benye kuichunga tuko babili. Kapya wa Kipushi na Rigobert banasaidia pale banapata nafasi.

Aï Shangazi, bantu banafikiri bure maana yake nilizaliwa juu ya kubatumikia! Mumoja wa mbali, hatujaonana ata siku moja, aliniandikia siku ya Noeli: "Mbona haujatengeneza? Unafanya nini?" Nilikuwa ninakula kuku! Nikaacha kuku, nikatengeneza. Hakusema ata merci.

Kisha ikakuya ugomvi na Aristote. Miye niliweka ku Kisima kaye ya pembeni, sawa daftari ndogo: mbele ya kuandika mu kitabu kikubwa, anaandika kwanza mu kaye. Kuran ya umeme ikikatika, kaye inakumbuka. Iko salama, lakini iko polepole. Aristote anasema tuache kaye, tushike bintu mu kichwa, tuandike kila segonde tano, itakimbia. Nikamuuliza: weye unaishi Lubumbashi ao unaishi wapi? Mu segonde tano za hapa, kuran inaenda inarudi mara mbili! Tulibishana miezi ine. Mesaje mia ine na kumi na mbili. Asubuhi moja nilienda kununua mukate, muuzaji akaniuliza "mukubwa ao mudogo?" na nikaanza kulia. Mbele ya bantu, juu ya mukate! Graciella njo alikuya kunirudisha ku nyumba.

Na sasa sikia ubaya yangu. Ile siku, na hasira, niliandika ndani ya Kisima kwamba kosa yoyote ikitokea, asieleze kosa, aseme tu: ADRIEN AMECHOKA. MUULIZE ARISTOTE. Na numero ya telefone ya Aristote chini. Ilikuwa ya kunichekesha miye peke yangu! Nilitaka kuifuta. Badala ya kuifuta nikatia muhuri ku version mupya, nikaituma ku dunia muzima, na nikalala siku mbili.

Banamupigia, Shangazi. Sœur mumoja, mutawa wa Kalemie, alimupigia mara kumi na munane. Muuzishaji wa unga wa Mokambo alimupigia mu misa. Aristote hasemi tena na miye, na miye sisemi na yeye. Na ule muhuri ni miye tu niko nao. Bila muhuri, hakuna Kisima yenye kukubali mabadiliko. Simupi. Sifungui. Kisima ikauke, nilishachoka.

Ukiona ile maneno ku ekran ya depo, unisamehe, na usimupigie.

Mutoto wa kaka yako mwenye kukupenda,
Kasereka Adrien

N.B. Barua inabebwa na Anaclet, chauffeur wa camion, lori kubwa. Anapita Mokambo, Zambia, Tanzania, Rwanda, mpaka kwako. Umupe chakula, juu atakuambia hajakula tangu Zambia.


Goma, tarehe 3 Machi 2025

Mwanangu Kasereka,

Bwana asifiwe milele. Anaclet amefika. Alisema hajala tangu Zambia, akala sahani tatu, ndipo akavuta barua mfukoni. Mimi ni mzima, sina hata mafua. Depo ipo: kuta nne, paa, na mlango unaofunga ukibembelezwa. Ndege kweli hazitui, benki kweli zimefungwa, na wakubwa wapya wanapenda mikutano. Hayo yatosha. Nakula, naimba kwaya, na wewe unanijua, mimi sichoki.

Sasa unisamehe. Wewe ulilia kwa ajili ya mkate, na mimi nimecheka mpaka majirani wakaja mbio kuuliza kama kuna habari ya amani. Adrien amechoka, muulize Aristote! Jamani! Unajua kwa nini nimecheka? Mimi kabla ya kuingia katika bitenge nilifundisha darasa la tatu miaka kumi na moja, watoto sitini na nane, chaki mbili kwa juma. Siku moja niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: MWALIMU AMECHOKA, MUULIZENI DIREKTA. Nikachukua mkoba wangu, nikaenda nyumbani kulala. Siku hiyo hiyo inspekta wa mkoa akafika. Alikuta watoto sitini na nane wamejipanga mlangoni kwa direkta, kila mmoja na swali lake. Kwa hiyo usijisumbue kutafuta ugonjwa wako umetoka wapi. Ni wa ukoo.

Tii munganga. Tii na Graciella, ingawa ni mdogo wako. Nenda shambani ukapige jembe, mahindi hayatakuandikia siku ya Noeli.

Nina swali dogo, la kujua tu. Mtu akiwa anaandika jina la mtoto, na jina la mama yake, na kijiji walikotoka, halafu umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena kabla kitabu hakijaamka vizuri, hapo inakuwaje? Nauliza kwa udadisi wa mwalimu.

Kuhusu kutompigia Aristote, nimesikia ulivyosema.

Msalimie kaka yangu, na umwambie habari ya mgongo nimeshaipata mwaka jana, yote.

Shangazi yako,
Kahambu


Lubumbashi, tarehe 30 ya mwezi wa tatu 2025

Shangazi yangu mupendwa,

Jambo tena. Baba anasema habari ya mugongo wa mwaka huu ni ingine kabisa, atakuandikia yeye mwenyewe. Mama alivuna mahindi ya kwanza. Ndoa ya Graciella imesogezwa mwezi wa munane, juu bakwe banatoka Bukavu, na Bukavu nayo ilishaanguka, hakuna mwenye kujua batapita wapi. Graciella hakulia. Alipika sombe ya bantu makumi mbili na tulikula sisi bane.

Miye ninalima. Mikono imetoka malengelenge, na Shangazi, ninalala! Ninalala sawa gunia! Juzi niliamka nikasikia ninaimba.

Ngoja nikuchekeshe. Ule muuzishaji wa unga wa Mokambo alikuya hapa mwenyewe. Ndiyo! Telefone ya Aristote ilikuwa inajaa kila mara, basi akapanda camion na mashini yake mu kapu, chini ya samaki, akauliza njia mpaka ku parcelle yetu. Nilimuona mbali, nikaingia mu mahindi, nikalala chini sawa mwizi. Baba alimupokea. Akamukalisha, akamupa munkoyo ya kunywa, akamuanzia habari ya mugongo. Saa mbili na nusu! Ule mutu wa bantu alisahau kabisa kile kilimuleta. Alienda na kushukuru, na akaacha samaki moja.

Sasa jibu ya swali yako. Kuran ikikatika mara moja, usiogope, kaye ya pembeni inakumbuka yote. Lakini ikikatika mara ya pili pale kitabu kiko kinajisomea kaye, kitajifunga. Majina hayapotei, yako ndani, lakini huwezi kuingia wala kutoka. Ile kosa tunaijua. Aristote aliandika dawa yake tangu mwezi wa kwanza, na ni dawa ya muzuri, ninasema ukweli ata kama inaniuma. Inangoja tu muhuri. Na muhuri iko na miye. Akitaka, aombe. Hajaomba. Kichwa ngumu ile!

Lakini Shangazi, miye si mutoto. Weye unauzisha bitenge. Kitenge haina mama, na haina kijiji. Nani anaandika majina ya batoto mu depo yako? Na juu ya nini mu barua yako yote hakuna ata kitenge moja? Ulisema kuta nne, paa na mulango. Ndani je?

Usinifiche. Na habari ya Aristote usinipe, sitaki kuisikia.

Mutoto wako,
Kasereka Adrien


Goma, tarehe 26 Aprili 2025

Kasereka mwanangu,

Pasaka imepita vizuri, tuliimba mpaka sauti zikatukimbia. Maharage yapo, ndizi zipo, mimi sichoki. Usalimie mgongo wa kaka yangu, halafu umsalimie na kaka yangu.

Sasa kaa chini. Mwambie na Graciella akae, kwa sababu nilimwahidi kwa simu kwamba sitakutajia Kisima kabla ya miezi yako mitatu kuisha, na nimeshika ahadi. Nimehesabu siku za Anaclet: barua hii haiwezi kukufikia kabla ya katikati ya mwezi wa tano. Ningeweza kupiga simu leo. Nimechagua lori.

Nilimpigia Aristote.

Usiruke! Barua yako ya kunikataza ilifika mwezi wa tatu, na mimi nilikuwa nimeshampigia tangu tarehe sita ya mwezi wa pili. Skrini iliniambia nimuulize Aristote. Mimi ni mwalimu, nafuata maagizo.

Ndani ya depo hamna kitu. Uliuliza, nakujibu. Waporaji waliingia siku ile ile ya vurugu, wakabeba kitenge cha mwisho. Jirani mmoja, simtaji, tulikutana barabarani ana robota langu kichwani, akanisalimia kwa heshima zote: "Shikamoo Mama Kahambu." Nikaitikia, nifanye nini? Mashini tu ndiyo ilipona, kwa sababu nilikuwa nimeificha ndani ya sufuria ya maharage, na mwizi hakuwa na njaa.

Basi depo tupu ni nyumba kubwa. Wakimbizi wa kambini walipotawanywa, waliingia wakalala humo, na kila mmoja alikuwa anamtafuta mtu. Nikaona sina kitenge cha kuandika, nitaandika watu. Fulani, anamtafuta fulani, mara ya mwisho walionana mahali fulani. Paroko akasikia, akanitumia na wa kwake. Wa Sake, wa Minova, wa Bweremana. Tumefika majina elfu moja mia tisa na arobaini, Kasereka, na tumeshakutanisha familia sitini na tatu! Siku ya wa kwanza tulipiga vigelegele mpaka askari wakaja kuuliza kuna nini. Nikawaambia kuna mtu amempata mama yake. Mmoja wao akavua kofia.

Umeme ulikatika mara nyingi, na kila mara kaye yako ya pembeni ilikumbuka. Hata jina moja halikupotea. Nilimwambia Aristote. Akasema, "Tante, usimwambie Adrien kwamba nimesema alikuwa sahihi." Basi sijakuambia.

Lakini tarehe kumi na moja ya mwezi huu ulikatika mara mbili, moja juu ya nyingine. Kitabu kimejifunga na majina yote ndani. Nina mtoto hapa, Léa, aliyeletwa siku mbili baadaye, miaka sita, mwongo wa kupindukia, ukimuuliza jina la mama yake anakwambia "Mama Léa." Nilikuwa nimeshaandika kila Mama Léa aliyepita. Wapo humo ndani, na mimi nipo nje na daftari la shule.

Nikamwambia Aristote amwombe Adrien muhuri. Akakataa. Nikamuuliza, ni hasira? Akasema, "Tante, siku ile ya mkate nilikuwa ng'ambo ya barabara. Mimi ndiye niliyekimbia kumwita Graciella. Sitamwomba kitu tena, akae apone." Nikamuuliza, basi kwa nini usifanye Kisima yako pembeni, na muhuri wako? Akasema tukigawana, yule sœur wa Kalemie hatajua tena ampigie nani.

Ndiyo hivyo. Wewe hutaki kumpa asipoomba, yeye hataki kuomba kwa sababu anakuonea huruma, na Léa anasubiri wanaume wawili wamalize.

Nisikilize vizuri. Usifungue ile mashini. Sikutaki tena kwenye skrini saa kumi na nane kwa siku. Beba muhuri, umpe mwenzako. Halafu mfanye kama sisi kina mama wa likelemba: tupo kumi, kila mwezi wote tunachanga, na mmoja anabeba yote, zamu yake ikipita naye anachangia wenzake. Ninyi msichange pesa, changeni siku. Wewe, Aristote, Kapya, Rigobert: kila mwezi watatu wanafanya kazi, na mmoja anabeba mwezi mzima wa kulala. Mbona wanawake wa soko wanajua jambo hili na ninyi wenye mashini hamlijui?

Shangazi yako asiyechoka,
Kahambu


Lubumbashi, tarehe 25 ya mwezi wa tano 2025

Shangazi! Shangazi! Shangazi!

Jambo, Bwana asifiwe, bote bazima, mugongo uko vile uko. Nimemaliza kusalimia.

Anaclet alifika jana asubuhi. Nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Graciella alisoma kisha yangu. Alitoa ufunguo ya kantini ku shingo, akaniwekea mu mukono, na miye nikamurudishia. Nilimuambia: hapana, Shangazi amekataza. Nikapanda moto, ile pikipiki ya kulipa, nikaenda Luano.

Njia yote nilikuwa ninapanga maneno ya kumuambia Aristote. Nilikuwa na maneno ya muzuri sana. Lakini kulikuwa na kintu moja nilisahau, na niliikumbuka pale moto ilisimama mbele ya mulango wao.

Ule muhuri, Shangazi, hauko mu mashini yangu; unakaa ku reseau, na ku mashini yoyote unafunguliwa na maneno ya siri. Nilibadilisha ile maneno mwezi wa kwanza. Na hasira.

Aristote alikuwa mu cour, mu uwanja ya nyumba, anafua. Mama Germaine alikuwa pembeni anachambua mahindi, na kuku zake zote. Aristote aliniona, akasimama na sabuni mu mikono. Amekonda. Ndeke ilipita juu yetu, tukaingoja ipite bote babili, na ile ilitusaidia kidogo. Nikasema: "Lete mashini yako. Nitakupa muhuri. Haukuomba, ninakupa tu." Aliingia mu nyumba mbio na malapa moja ku muguu.

Akafungua, akaweka mikono. Akasema: "Niambie."

Nikasema: "Niandike miye mwenyewe." Akasema: "Tante ku telefone alisema usiguse ekran." Nikasema: "Mama Germaine aende kwanza mu nyumba." Mama Germaine akasema: "Nyumba ni yangu, sikia sasa, niende wapi?"

Basi nikafumba macho na nikasema yote kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya mama yake: ARISTOTE ANAOGOPA KUKU NA KICHWA YAKE NI NGUMU SAWA BUKARI YA JUZI.

Ata kuku zilinyamaza, na hizo njo zinakula ugali ya juzi. Kisha Mama Germaine akasema, polepole: "Siyo kuku zote. Ni jogoo tu. Tangu alikuwa na miaka ine."

Aristote hakucheka. Aliandika. Alikuwa anaandika na meno amefunga. Mashini ikakataa. Nikarudilia, akaandika tena, ikakataa. Shangazi, ule muhuri unakubali kukosa mara tatu tu, ya tatu unajifunga milele, na miye njo niliutengeneza vile! Majina elfu moja mia tisa na arobaini, na miye mu cour ya Luano ninatukana rafiki yangu na ata kutukana sijui vizuri! Nilianza kulia sawa siku ya mukate. Aristote akatoa mikono ku mashini, akaniambia: "Ngoja. Kunywa mayi. Hakuna mwenye kutufukuza." Ni maneno ya kwanza ya muzuri kati yetu tangu miezi saba.

Nikakunywa mayi. Na njo nikakumbuka. Ile siku, pale nilimaliza kuandika ile matusi, nilijisikia haya, nikaongeza mukia. Nikamuambia aandike tena yote, na kisha aongeze: NA YANGU VILEVILE.

Ikafunguka.

Aristote aliangalia ekran. Akasoma yote kwa sauti, tangu kuku mpaka vilevile. Na njo kicheko kikamukamata! Alianguka mu beseni ya bilamba, Shangazi, mu mayi ya sabuni, na miye nikaanguka juu yake, na jogoo akakuya kuangalia, na Aristote akaruka akapanda ku kiti, kweli anaogopa! Mama Germaine alilia na kucheka. Alisema kama hizi njo kazi za ordinateur, angetusomesha useremala.

Saa saba mchana dawa ilienda ku dunia na muhuri. Na muhuri sasa iko na bantu bane, na maneno ya siri ni mapya, hayana kuku. Likelemba imekubaliwa. Kapya alisema "mulichelewa wapi?" Rigobert akalomba mwezi wa kumi na mbili, juu ya kuku ya Noeli. Miye nimebeba mwezi wa sita. Ile maneno ya ekran tulitaka kuifuta, lakini sœur wa Kalemie alikataa, anasema njo kintu ya kwanza ya ukweli mashini ilimuambia. Basi sasa kosa inaelezwa vizuri, na chini kila mwezi anataja mwenye kulala: ADRIEN ANAPUMZIKA. MUULIZE ARISTOTE.

Kaye ya pembeni inabakia. Mwenye kutaka kukimbia atachagua mwenyewe kuizima. Tulimaliza hii kwa dakika ine. Mesaje mia ine na kumi na mbili, Shangazi!

Sasa niko na swali moja, la kujua tu. Mara tatu umeniandikia hauchoki. Depo ilibebwa yote, bantu banalala ndani, na weye unaimba. Miye ninajua mutu mwenye kusema vile, nilikuwa naye mu mwili moja. Nani anabeba mwezi yako? Tumeandika jina yako ku likelemba. Mwezi wa saba ni wa Shangazi Kahambu. Hakuna aliyekulomba ruhusa.

Mutoto wako mwenye kucheka peke yake mu njia,
Kasereka Adrien


Goma, tarehe 22 Juni 2025

Mwanangu Kasereka,

Bwana asifiwe. Habari ya beseni niliipata siku ile ile, Aristote alinipigia lakini hakuweza kuzungumza, nilisikia kicheko tu, na mama yake nyuma akisema "ni jogoo, ni jogoo." Nikajua kitabu kitafunguka.

Kilifunguka. Jina la elfu na mia mbili na kumi na sita: Mama Léa, yuko Minova, anamtafuta binti, miaka sita, kovu kidevuni, "anasema uongo lakini ana moyo mzuri." Nilipomsomea Léa, alisema huyo si mama yake, mama yake ni rubani. Tukampeleka hivyo hivyo kwenye mtumbwi wa paroko. Mwanamke alikuwa amesimama ufukweni tangu asubuhi. Léa alimwona, akakimbia, hakudanganya tena. Mama yake alipanda mtumbwi nasi mpaka Goma, na amekataa kurudi Minova. Amebaki kwangu, ana mwandiko mzuri kuliko wangu, na majina yamefika elfu mbili mia tatu.

Sasa swali lako. Nililisoma, nikakasirika siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda kununua chumvi. Muuzaji akaniuliza, "Ya kusaga au ya mawe?" Kasereka, nilisimama pale nikalia mpaka foleni ikaondoka.

Basi nimeandika kwa chaki kwenye mlango wa depo, herufi za darasa la tatu, kila mtu anasoma: KAHAMBU AMECHOKA. MUULIZENI MAMA LÉA.

Anaclet anasema nikimpikia chakula cha njia nzima, kiti cha mbele ni changu. Nipokee Mokambo, wiki ya pili ya mwezi wa saba. Sitafundisha, sitauza, sitaimba alto. Nitalala mwezi mzima, na asiniulize mtu kitu.

Isipokuwa kaka yangu. Mwambie nakuja kusikiliza habari ya mgongo, tangu mwanzo.

Kahambu